Mstari wa Nne

Morogoro,
14 Januari 2024

Kwa dada yangu Rhoda,

Mwangaluka dada, na shikamoo. Huku tumeamka salama. Wifi yako Debora anakusalimu sana. Goti lake linamsumbua mvua ikikaribia, kwa hiyo siku hizi tunatabiri hali ya hewa bila redio. Mimi mzima, isipokuwa masikio. La kulia limefunga kabisa na la kushoto linanipigia mluzi tu. Ndiyo maana naandika. Tukitumia simu tutaishia kama mara ile ulipokuwa unanieleza habari ya msiba nami nikakujibu hongera. Meseji nazo unazikataa, unasema ni maneno ya mtu aliyebanwa na mlango. Basi Huseni atatupitishia barua kwenye mabasi yake kama kawaida. Msalimie yeye na mkewe Mwasiti.

Sasa jambo lenyewe. Kuna kipindi cha redio kinaitwa Kapu la Zamani. Wamesikia kwamba niliwahi kupiga gitaa la solo Igembe Jazz, wakanifuata nyumbani, kijana mmoja mpole mwenye vitabasamu vingi. Wanataka niwapangie nyimbo kumi zilizotamba kati ya mwaka themanini na tatu na themanini na sita, na kila wimbo niutolee maoni. Nimefurahi kama mtoto, sikufichi.

Nimeanza hivi. Namba kumi nimeweka "Treni Imekata Breki". Namba tano, "Shemeji Punguza Mwendo", kwa ajili ya zile tarumbeta. Namba mbili, "Kaniki ya Posa" ya Orkesta Kivumbi, ingawa mpiga besi wao alikuwa anapiga kama mtu anayepasua kuni. Namba moja, usinicheke, ni yetu, "Jiko Halizimi". Wiki kumi na moja kileleni, dada! Kadi za salamu zilikuwa zinafika redioni kwa magunia. Na unajua nilimtungia nani, yule aliyekuwa ananiwekea chakula jikoni kila nikirudi kutoka dansini.

Ila hujawahi kuniambia unauonaje wimbo ule. Miaka thelathini na tisa ni mingi kusubiri maoni ya mtu mmoja. Nipe maoni yako kwa nyimbo zote, wewe ndiye mwenye masikio.

Ndimi mdogo wako,
Mboje


Kizwite, Sumbawanga,
4 Februari 2024

Mdogo wangu Mboje,

Marahaba. Barua yako nimeipata dukani kwa Huseni, ina doa la mafuta ya taa lakini inasomeka. Mwambie Debora ajipake mafuta ya nyonyo. Huku baridi imekaza, ukungu hauondoki mpaka saa nne, na kuni ninazoletewa ni mikaratusi mibichi. Nakaanga maandazi huku nalia kama niliyefiwa. Daktari wa macho ameniambia niache kuni nipikie gesi. Nilimwambia sawa, kwa sababu alikuwa mpole na amesoma.

Mwanangu Sayi alikuja wiki iliyopita kutoka Namanyere. Ng'ombe wake wawili wamekufa kwa ndigana. Mkewe ni mjamzito tena.

Nyimbo zako nimezifikiria. "Treni Imekata Breki" uitoe kabisa. Mtu anatupigia kelele dakika sita kwamba treni imekata breki, halafu wimbo unaisha na hatuambiwi kama ilisimama. Huo ni utani au ni wimbo? "Shemeji" nakubali, ingawa huyo shemeji alistahili makofi. Mimi namba moja ningeweka "Kaniki ya Posa", maana ndiyo peke yake katika orodha yako ambayo mwanamke anajibu. Nyingine zote wanaume wanaimba kuhusu wanawake na wanawake wenyewe wamenyamaza.

Wimbo wenu uondoe. Usiniulize kwa nini, weka hata ile ya treni.

Na kwa vile umeuliza, wimbo wenu umerudi mjini hapa. Sijui nani kaufukua. Vijana wanao kwenye simu zao, wanaucheza kipande kidogo, nusu dakika hivi. Jirani yangu Oswaldi, yule wa bodaboda, ana spika chini ya kiti cha pikipiki. Asubuhi nikitoka na beseni langu la maandazi kupita kijiweni kwao, anaufungulia. Nikishapita, anauzima. Mwanzoni nilidhani ni bahati tu.

Wasalimie wote.
Dada yako Rhoda


Morogoro,
20 Februari 2024

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Debora amejipaka nyonyo, nyumba nzima inanuka lakini goti limekunjika. Mungu akusaidie na macho hayo. Pole ya ng'ombe kwa Sayi.

Dada, umenipa raha ya mwaka! Vijana wa Sumbawanga wanacheza gitaa langu! Nilimsomea Debora sehemu ile mara mbili. Na wewe unaniambia niuondoe? Hapana, hapo nakukatalia kwa heshima zote. Ya treni nimeitoa kama ulivyosema, umenichekesha mpaka nikakohoa.

Ila kinachoniudhi ni hicho kipande cha nusu dakika. Najua wanakata wapi. Wanachukua hivi:

Macho mekundu, dada halali,
jiko lake halizimi,
kazi ya mama amerithi yeye...

Halafu kimya! Wanaacha mstari wa nne, "sisi sote katulisha", na mstari wa nne ndio wimbo wenyewe. Bila huo hujui huyo dada halali kwa sababu gani wala kazi ya mama ni kazi gani. Huo ni uchinjaji. Mwambie huyo Oswaldi autafute wimbo mzima. Mwambie pia kwamba mtunzi ni mdogo wako na dada mwenyewe ni wewe, uone atakavyokuheshimu. Atakubeba bure mpaka Chanji na kurudi.

Kurekodi kumepangwa mwezi wa nne. Nimenunua shati.

Ndimi Mboje


Kizwite,
17 Machi 2024

Mdogo wangu,

Salaam nyingi. Mimi naendelea. Mahindi ya shamba langu dogo yamebeba vizuri, maharage yameliwa na wadudu. Shati lako livae na koti, usije ukaugua kifua.

Kumetokea msiba mtaani. Mtoto wa Oswaldi na Cornelia, wa miezi minane, aliugua siku kumi akafariki. Alikuwa mtoto mwenye afya, mashavu haya. Cornelia ni binti mzuri, alikuwa akija kwangu kuchukua uji wa ulezi tangu akiwa na mimba. Nilipika sufuria kubwa la uji nikapeleka msibani kama tunavyofanya siku zote. Waliniambia niweke pale chini ya ukuta. Jioni nilipokwenda kuchukua sufuria langu lilikuwa limejaa vilevile, na majivu yamemwagwa juu.

Nilibeba nikaenda kumwaga shambani.

Bertilla wa Chanji, ambaye miaka kumi na tatu ananunua maandazi kwangu kwa ajili ya mgahawa wake, siku hizi hanunui. Ananisalimia akiwa ng'ambo ya barabara. Nimeenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi kumweleza habari ya spika, akacheka akasema, "Mama, wimbo hauna kosa, hata mimi naupenda."

Jana Oswaldi hakuufungulia. Nilipofika pale kijiweni aliuimba mwenyewe, polepole, akinitazama usoni. Wenzake wote walinigeukia. Aliishia pale pale kwenye kurithi.

Toa wimbo kwenye orodha, Mboje. Sijakuomba kitu tangu tulipomzika baba.

Rhoda


Morogoro,
29 Machi 2024

Dada Rhoda,

Shikamoo. Sisi wazima. Barua yako nimeisoma nikampa Debora naye akaisoma, na hatukula mchana.

Sasa nimeelewa. Mimi ni mjinga, nilikuwa nasikiliza gitaa tu. Samahani kwa kucheka. Macho ya mtu anayekaanga maandazi kwa kuni mbichi wanayafanya ushahidi! Na mji wenyewe watu wanasema jina lake maana yake ni tupa uchawi. Laiti wangetupa.

Lakini sikiliza, nimepata njia. Wimbo niliutunga mimi, basi nitaueleza mimi. Kurekodi ni tarehe ishirini, na kipindi kitatoka Jumapili ya tarehe ishirini na nane. Nikiutoa wimbo kwenye orodha, hao vijana bado wanao kwenye simu zao. Nikiueleza, nawanyang'anya. Nitauimba mstari wa nne kwa mdomo wangu. Unakumbuka zamani zile? Mtu akigombana na wakwe, akisingiziwa, anatuma kadi ya salamu redioni na wimbo wake, jina linatajwa nchi nzima inasikia, na maneno yanaisha. Nani angethubutu kuendelea kumsema mtu ambaye redio imemsafisha? Yule bwana wa Kahama alirudishiwa mke kwa kadi mbili tu.

Vumilia wiki hizi nne. Lala mapema, funga mlango. Na usiwaze mambo ya zamani, haya si yale.

Ndimi mdogo wako,
Mboje


Kizwite,
7 Aprili 2024

Mboje,

Barua yako nimeipata leo, nimeketi hapa hapa kwenye benchi la duka la Huseni kukujibu ili gari la kesho liichukue. Salamu baadaye.

Usiende redioni. Ukienda, usiutaje wimbo ule. Ukiutaja, usitaje jina langu, wala Kizwite, wala Sumbawanga, wala neno dada. Hawa hapa hawajui kwamba wimbo ni wangu. Wameuokota tu kwa sababu ya macho yangu, kama mtu anavyookota jiwe lililo karibu. Wakichoka wataokota jingine. Ukiwaambia umetungwa kwa ajili yangu, hawatautupa tena.

Umeandika "haya si yale". Kwa hiyo unayajua yale. Siku zote ulisema hujui, nami nilikuachia usijue, kwa kuwa ulikuwa mdogo na ulikuwa unaanza kupata jina. Leo nakuandikia.

Mwaka themanini na sita, kule kwetu Shinyanga, mama alipokuwa akienda kisimani wachungaji walikuwa wanauimba. Wimbo wenu, kutoka kwenye redio za mkulima, wimbo unaopendwa na kila mtu. Kazi ya mama, kazi ya mama. Mama hakujua ni wa kwako, alikuwa anatabasamu. Aliniambia, "Wananiimbia." Macho yake yalikuwa kama yangu, jiko ni lile lile. Wiki tatu. Halafu walikuja mchana, tukiwa palizi, watu wanne wenye mapanga, na wawili kati yao tulikuwa tumekula nao harusini. Mimi nilikuwa mistari kumi ya mahindi kutoka pale. Nililala chini nikawasikia.

Tuliwaambia watu ni homa. Baba akakusanya ng'ombe na sisi, tukahamia huku Rukwa, na hakuna aliyewahi kufungulia redio ndani ya nyumba yetu mpaka baba alipokufa. Ndiyo maoni yangu kuhusu namba moja yako. Uliyasubiri sana.

Nakusihi, nyamaza.

Rhoda


Morogoro,
29 Aprili 2024

Dada yangu Rhoda,

Shikamoo, na hongera! Jibu la barua yangu sijalipata. Kijana wa mabasi anasema barabara imekatika kwa mvua, magari ya Huseni yanalala njiani, kwa hiyo naandika bila kujua unaendeleaje. Najua tu kwamba kuanzia jana mambo ni tofauti.

Kipindi kimetoka! Jana saa tisa alasiri. Tarehe ishirini waliniketisha mbele ya kipaza sauti nikazungumza dakika arobaini bila kukohoa. Nilieleza kila kitu, dada. Nilieleza ulivyokuwa ukiamka kutupikia, kwamba wekundu wa macho ni moshi, kwamba kazi ya mama ni mapishi, na kwamba mpaka leo unaamka alfajiri kulisha mtaa mzima. Nikauimba mstari wa nne mara mbili. Nilikutaja kwa jina lako na mahali ulipo, ili asiwepo wa kusema alikosea mtu. Kijana wa redio alikuwa anatabasamu na kuitikia kwa kichwa wakati wote.

Jana walipokitoa, mimi sikusikia, unajua masikio yangu. Niliweka kiganja juu ya redio nikauhisi mtetemo wa besi. Majirani walikuja kunipa mkono. Debora alisikiliza mpaka mwisho, akaenda jikoni, na hakurudi. Nadhani alikuwa analia kwa furaha. Nilimuuliza kilikuwaje, akaniandikia kwenye karatasi, "Kilikuwa kifupi."

Niandikie haraka. Nataka kujua sura ya Oswaldi ilivyokuwa.

Mboje


Morogoro,
5 Mei 2024

Dada,

Barua yako ya tarehe saba Aprili imefika leo.

Nimemlazimisha Debora aniandikie neno kwa neno kilichotoka redioni. Alikuwa ananificha. Katika dakika arobaini wamebakiza mbili tu. Hivi ndivyo nilivyosikika: "Wimbo ule nilimtungia dada yangu Rhoda, yuko Sumbawanga, mtaa wa Kizwite, anapika maandazi. Yule mwenye macho mekundu ni yeye. Kazi ya mama alirithi yeye kweli." Halafu kicheko cha mtangazaji, halafu wimbo, na kabla ya mstari wa nne wakaingiza tangazo la sabuni. Nimeandika hayo hapa ili ujue ninajua.

Uliniambia nisitaje. Nilitaja vyote vinne.

Na lile jingine pia ni kweli. Nilijua. Baba alikuja Shinyanga mjini kunipokea kwenye treni baada ya mazishi, akaniambia yote pale pale stesheni, na wimbo waliokuwa wanauimba wachungaji akanitajia. Jumamosi ile ile tulipiga Kahama. Watu walidai "Jiko Halizimi" nikaupiga. Niliendelea kuupiga miaka sita. Kila mtu aliponiuliza mama alikufaje nilisema sijui, nilikuwa safarini. Nilidhani nikisema sijui mara nyingi itafika siku sitajua.

Njoo huku. Nimemwandikia Huseni akupandishe basi la kwanza. Usichukue kitu, acha sufuria, acha mahindi. Debora ametandika kitanda. Au nenda kwa Sayi Namanyere ukae na wajukuu mpaka nije mwenyewe kukuchukua. Nijibu hata neno moja, dada. Nimempigia simu Huseni kwa masikio ya Debora mara tatu, anasema "mzigo umepokelewa" na kukata. Mzigo gani? Nijibu.

Mboje


2 Juni 2024

Mdogo wangu Mboje,

Natumaini mko wazima, na goti la Debora limepona. Mimi ni mzima. Barua zako zote mbili nimezisoma siku moja. Hii imetumwa kutoka mji ambao sikai, kwa hiyo usiangalie muhuri.

Siku ile ya Jumapili nilikuwa nachambua ulezi uani. Nikasikia sauti yako kutoka nyumba ya jirani, halafu kutoka nyumba ya pili, halafu barabarani. Nilisimama, nikafikiri umekuja kunitembelea. Nilikuwa na furaha, Mboje, nilijifuta mikono. Ndipo nikasikia unasema Kizwite.

Jumatatu sauti yako ilikuwa kwenye kila simu. Hawakuhitaji tena kuimba, walikuwa nawe mwenyewe unasema alirithi yeye kweli. Jumanne Sayi alikuja. Mwanangu alisimama mlangoni hakuingia. Alisema mkewe anaomba nisije Namanyere mpaka ajifungue, halafu akaniuliza akiangalia chini, "Mama, ni kweli ulirithi?" Nilimjibu kwamba nilirithi sufuria tatu na mwiko. Alilia akaondoka. Simlaumu, ana watoto wa kuwaogopea.

Alhamisi niliokota karatasi ya daftari chini ya mlango, mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma: WIMBO UMEISHA. SIKU SABA. Mchana Bertilla alivuka barabara kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. Alisimama mbele yangu akanunua andazi moja, hakulila, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Sayi, usingoje Alhamisi."

Nilikwenda kwa Huseni na beseni langu kama ninayepeleka maandazi. Mwasiti aliniingiza chumbani kwake, akanivalisha baibui lake na nikabu, akanifundisha kutembea, maana alisema natembea kama mtu wa ng'ombe. Kesho yake saa nne asubuhi, jua limewaka, Huseni alinipandisha mbele kwenye lori lake la mahindi. Tukapita kijiweni kwetu. Lori lilisimama kupisha punda. Oswaldi alikuwa pale na pikipiki yake, akaniamkia kupitia dirishani, "Shikamoo mama," kwa adabu kabisa. Nilimwitikia kwa kichwa. Cornelia alikuwa nyuma ya kiti chake, ameshika kikapu. Aliiangalia mikono yangu, hii yenye makovu ya mafuta, akaiangalia muda mrefu. Alinijua. Kisha akageuka upande wa pili akamwambia mumewe twende, tunachelewa.

Nyumba nimesikia wameichoma. Usiandike kwa Huseni kumuuliza lolote, amekula kiapo kwangu, na ana watoto naye.

Ulitaka maoni yangu na ulikuwa na haki ya kuyapata yote, si nusu. Wimbo ni mzuri. Ni mzuri kuliko "Kaniki ya Posa". Gitaa lako pale mwanzo linanifanya nitake kucheza mpaka leo, na nikishataka kucheza naona mahindi. Ungekuwa wimbo mbaya watu wangeusahau na mama angekufa mzee.

Sikuchukii. Nimejaribu, nimeshindwa, wewe ni mtoto niliyekubeba mgongoni. Lakini nakujua. Jambo likikuingia moyoni huwezi kulala nalo, lazima ulipeleke kwenye kipaza sauti, na unafanya hivyo kwa upendo. Kwa hiyo sitakuambia niko wapi, na hii ni barua yangu ya mwisho kwako. Usinitafute.

Watu watakuja kukuuliza, wengine kwa nia njema, na wengine watakuwa wametoka mbali. Waambie hujui Rhoda yuko wapi. Mara hii utakuwa unasema kweli.

Dada yako